Ning'are Wawili

"Kama ng'ombe," msusi alisema kwa mara ya tatu, akiinama ili mdomo ufike kwenye tundu la kioo. "Ni-ng'a-re. Hiyo ng'a ni ya ng'ombe."

Karani wa mapokezi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mtoto wa kike, mzuri namna hii, unamfananisha na ng'ombe?"

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya; kilikuwa kile cha watu waliosimama tangu asubuhi bila kupata kingine cha kuchekea. Hata hivyo msusi alihisi masikio yakimwaka moto. Alimhamisha mtoto bega moja hadi jingine, akangoja wanyamaze.

"Ni neno la Kiswahili tu," akasema. "Kung'ara. Ning'are."

"Nimeelewa, mama. Ila kompyuta haipokei kile kialama cha juu. Nikikiweka inanitupa nje." Karani akaandika, kisha akageuza skrini kidogo ili mama aone. NINGARE. "Tumwache hivi. Akikua atajitetea mwenyewe."

Msusi alilitazama jina la mwanawe pale kwenye skrini. Lilikuwa kama mtu aliyenyolewa bila kuulizwa.

Jina hilo alilichagua yeye, miezi mitano iliyopita, na alilichagua kwa sababu ya kazi yake. Katika chumba chake cha ususi, ukiita jina lolote kati ya yale yaliyozoeleka, vichwa vinne hugeuka kwa pamoja, na kichwa kimojawapo huwa ndicho kinachosukwa, mstari ukaenda kombo. Alitaka mwanawe akiitwa ageuke yeye peke yake. Hakujua kwamba jina la peke yake nalo lina gharama zake. Mama mkwe wake alimwita mtoto Ningale. Muuguzi wa chanjo alimwita Ningari, na siku nyingine Ninare. Wateja walijaribu mara mbili tatu, wakaona tabu ya nini, wakaanza kumwita msusi "Mama Nanihii". Mumewe, fundi wa friji, alilitamka vizuri, lakini nyumbani tu. Kazini alisema "binti yangu", ili asiulizwe.

Huyo muuguzi wa chanjo ndiye aliyewaleta hapa. Alikuwa ameweka chombo kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema kuna mlio kwenye moyo, huenda si kitu, lakini waende hospitali kubwa akapigwe picha.

Basi wakakaa kwenye benchi. Majina yaliitwa kutoka mlango wa mwisho wa ukumbi, na kila lilipoitwa, msusi alishtuka, kwa sababu hakujua la mwanawe litakuja na sura gani. Ilipofika saa sita alisikia kitu kama "Ninga", akasimama, akaketi, akasimama tena akakimbia.

Mpimaji wa mashine ya picha aliangalia orodha yake, akakunja uso. "Huyu si ameshapimwa?"

"Hajapimwa. Nimekaa pale tangu asubuhi."

"Ningare?"

"Ndiye."

Yule mpimaji alikuna shavu kwa kalamu. Nyuma ya msusi, mama mwingine alikuwa tayari ameshamvua mtoto wake shati. "Haya, mlaze," akasema mpimaji. "Haraka haraka."

*

Siku ya tano walirudi wote watatu kuchukua majibu. Daktari wa siku hiyo alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na nje ya mlango wake kulikuwa na watu wasiopungua arobaini. Alimsikiliza mtoto kifuani, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuta alichoambiwa atakikuta, akafungua faili, akasoma.

"Kuna tundu. Kati ya vile vyumba viwili vya chini vya moyo."

Mume wa msusi, yule fundi wa friji, alikuwa amebeba kofia yake mkononi. "Kubwa?"

"Kwa moyo wa mtoto, kubwa. Atahitaji kupasuliwa, na foleni ya upasuaji ni ndefu. Kabla ya hapo aanze dawa za kupunguza maji mapafuni. Leo au kesho. Msingoje wiki ijayo."

"Lakini ananyonya, daktari," msusi akasema. "Ananyonya mpaka mimi ndiye ninayechoka."

"Mama, wengine hawaonyeshi mapema." Alisema kwa upole, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye faili lililofuata.

Dirisha la dawa la hospitali halikuwa na dawa hizo. Waliambiwa wajaribu nje. Walipotoka, maduka ya jirani yalikuwa yanafunga kwa mapumziko, na mtoto alikuwa ameloa, na fundi alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku tu. Wakakubaliana dawa itafutwe kesho yake asubuhi na mapema.

Alasiri hiyo nyumba yao ya vyumba viwili iligeuka chumba cha wagonjwa ambacho mgonjwa wake hakuwa na habari. Mtoto alilala chali kwenye mkeka, akapiga mateke, akaushika mguu wake, akautia mdomoni. Msusi alimwinamia akihesabu pumzi. Alifika arobaini, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kila mtoto alipokohoa, watu wazima watatu waliacha walichokuwa wakifanya.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa mwanamke wa maneno machache tangu meno ya mbele yalipomtoka. "Mwanangu," akamwambia mkwewe, "usinione mbaya. Lile jina, ulimi ukiteleza kidogo tu, linakuwa ningali. Ningalijua, ningalifanya. Majuto matupu. Na wahenga walishasema majuto ni mjukuu. Sasa mjukuu mwenyewe ndiye huyu, tunamwita majuto kutwa kucha."

"Mama, unaoteleza ni ulimi wako. Jina halina kosa."

Tangu aolewe, msusi hakuwahi kumjibu mama mkwe wake hivyo. Bibi alitazama nje. Fundi, aliyekuwa akisafisha koki ya friji la mtu kwa kitambaa, aliweka koki chini.

"Mama hajasema kwa ubaya," akasema. "Hata mimi nilisema tumpe jina la kawaida."

"Kwa hiyo moyo umetoboka kwa sababu ya jina."

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Fundi aliichukua koki, akaendelea kuisugua mahali palepale palipokuwa pamesafika kitambo.

*

Asubuhi msusi alikwenda na mtoto kwenye duka la dawa. Muuza dawa alikuwa mzee aliyefunga mguu wa miwani kwa uzi mweusi. Aliisoma karatasi taratibu, ya daktari kwanza, kisha ile ya picha ya moyo iliyobanwa nyuma yake. Mtoto aliinyakua pembe ya karatasi, mzee akamnyang'anya kwa upole, mtoto akainyakua tena.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Ndiye."

"Hapa wameandika kilo nne na gramu mia mbili." Alimtazama mtoto mapajani, palipokuwa pamejikunja mikunjo mitatu kila upande. "Mama, huyu ni kilo nne?"

Msusi hakuwa ameiona namba hiyo. Tangu jana alikuwa ameifungua karatasi labda mara ishirini, na mara zote macho yalikwenda kwenye neno tundu yakagoma kutoka hapo.

Mzee akamwonyesha mizani iliyokuwa pembeni. Msusi alipanda akiwa na mtoto, ikasoma sitini na tisa. Alimkabidhi mzee mtoto, akapanda peke yake. Sitini na mbili.

"Saba," mzee akasema, "kama mizani yangu haijarogwa. Mtoto haongezeki karibu kilo tatu chini ya wiki moja." Alizikunja karatasi, akamrudishia. "Dawa hii hupimwa kwa kilo, na si ya kuchezea. Sikupi. Rudi ulikotoka, uwaambie wakutafutie karatasi ya mwanao."

Msusi alimpigia mumewe simu akiwa njiani. Alisema maneno machache tu, lakini alipofika kwenye lango la hospitali alimkuta fundi ameshafika, na mafuta ya gesi yakiwa bado kwenye viganja vyake.

*

"Haiwezekani," karani alisema. "Jina hili nalikumbuka. Wewe ndiye wa ng'ombe."

"Tafuta."

"Nani mwingine atampa mtoto jina hili, mama? Nina miaka tisa kwenye kiti hiki."

"Tafuta tu, kaka," fundi akasema. Hakupaza sauti, lakini aliweka mikono yake miwili juu ya meza.

Karani akaandika. Kisha mikono yake ikasimama juu ya vitufe. Aligeuza skrini bila kuombwa.

NINGARE. NINGARE. Siku moja, asubuhi moja, madirisha mawili tofauti. Mmoja wa miezi mitano, mwingine wa miezi minne. Namba za faili zilifanana zote isipokuwa ya mwisho.

Baadaye msusi aliona haya kwamba jambo la kwanza alilolihisi pale halikuwa nafuu wala hofu. Lilikuwa wivu. Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya jina lake.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo, kama yaendavyo watu wanapogundua kwamba wamekosea. Muuguzi mkuu alikuja, akachukua mafaili yote mawili, akatoweka. Daktari bingwa wa moyo, mama wa makamo aliyevaa viatu vya raba, akaja mwenyewe, akamlaza mtoto, akampiga picha upya, akaigeuza skrini huku na huku. Alitumia muda mrefu. Msusi alimshika mumewe mkono wa shati, hakumwachia.

"Mwanao ana kitundu kama cha sindano," daktari alisema mwishoni. "Kinajiziba chenyewe. Mtamleta baada ya miezi sita nikiangalie, basi. Mtoto wenu ni mzima."

Fundi alikaa chini, pale pale sakafuni, mgongo ukutani, akajifunika kofia usoni.

Lakini daktari hakutabasamu. Alikuwa amemgeukia muuguzi mkuu. "Na huyu wa pili yuko wapi?"

"Aliondoka juzi na karatasi ya huyu. Aliambiwa mzima, arudi baada ya miezi sita. Simu aliyotuachia imezimwa. Anwani imeandikwa mtaa wa viwandani tu, haina namba ya nyumba. Mhudumu wa afya wa kule yuko likizo mpaka Jumatatu."

"Mtoto yule hawezi kungoja. Ana kilo nne, mapafu yana maji. Akipata kifua kidogo tu..." Daktari hakuimalizia sentensi. "Endeleeni kupiga."

*

Nje, chini ya paa la maegesho, fundi alisema, "Twende nyumbani, mama mtoto. Mama anangoja kule, roho mkononi."

"Na yule?"

"Si wanapiga simu? Wao ndio waliokosea. Wao watafute."

"Kama angekuwa wetu, ungetaka watafute kwa simu iliyozimwa?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Utakwenda kumwambia nini mtu? Unabisha hodi, unamwambia mwanao ndiye mgonjwa, wangu ni mzima? Hilo jambo mtu analisemaje?"

"Sijui." Kisha akasema, "Namjua. Yule mama, namjua."

Ilikuwa imemrudia palepale karani alipogeuza skrini, naye alikuwa ameisukuma mbali. Mtoto wake alipokuwa na wiki tatu, alikuja mteja mjamzito, mimba kubwa, anayefanya kazi kiwanda cha magodoro. Nywele zake zilijaa chembe za sponji, na msusi alitumia nusu saa kuzichambua moja moja kabla ya kuanza kusuka. Mteja aliuliza mtoto anaitwa nani. Aliposikia, aliomba arudiwe. Kisha akawa anachezesha midomo bila sauti, kama mtu anayekariri namba ya simu. Mwezi uliofuata wateja wengine walileta habari kwamba kule kiwandani kuna mtoto amepewa jina lile lile. Msusi alichukia. Mbele ya chumba kizima alisema, "Siku hizi watu wanaiba mpaka majina," na watu walicheka, na yule mteja hakuonekana tena.

Alimweleza mumewe yote, hata lile la wizi. Fundi alisikiliza. Halafu akaivaa kofia yake.

"Nipe mtoto," akasema. "Nenda."

*

Mlinzi wa kiwanda alikuwa ameegemea lango, redio ndogo ikimwimbia mfukoni.

"Namtafuta mama wa mtoto anayeitwa Ning'are."

"Nani?"

"Ning'are."

"Hapa hakuna."

"Labda wanasema Ningare. Ningari." Alisogea karibu na lango. "Ningale."

Mlinzi alitikisa kichwa kwa kila moja. Miezi mitano msusi alikuwa akiwasahihisha watu, na sasa alisimama mbele ya mgeni akilipindisha jina la mwanawe kwa njia zote alizowahi kuzisikia, akiomba angalau moja imfae. Jua lilikuwa kali. Alikumbuka kilo nne. Alijaribu kueleza alivyo mwanamke mwenyewe, mrefu, wa kucheka kwa pua, na mlinzi akasema wanawake humo ndani ni mia mbili na wote wana pua.

Saa tisa kengele ililia na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakatoka, vichwani weupe kwa chembe za sponji kama watu wazima waliozeeka kwa siku moja. Msusi alimsimamisha wa kwanza, wa pili, wa tano. Wa sita alikuwa mama mfupi mwenye ndoo.

"Ning'are? Hapana, dada. Ngoja. Unamsema Ninga?"

"Ninga?"

"Huku tunamwita Ninga, kama yule njiwa. Sasa ni Ninga yupi? Wa mama wa kushona makava ya magodoro, au wa kule bombani?"

"Wako wawili?"

"Na nasikia kuna wa tatu njiani. Jina limependwa hilo."

Alikwenda kwanza bombani kwa sababu ndiko karibu. Bibi mmoja alimletea mlangoni kichanga mnene, hereni masikioni, amekasirika kwa kuamshwa. Alikuwa na miezi miwili na hakuwahi kupelekwa hospitali kubwa yoyote. Bibi alitaka kujua kwa nini anaulizwa. Msusi aliomba radhi, akauliza njia, akaondoka nusu akikimbia.

Nyumba ya mshona makava ilikuwa ya nne kutoka mwisho, pazia la bluu mlangoni. Mwenyewe alikuwa uani, ameinama juu ya beseni, anafua nepi. Alipoinua kichwa na kumtambua mgeni, mikono yake ilibaki ndani ya povu.

"Umekuja kudai jina lako," akasema.

"Hapana."

"Nilijua utakuja siku moja. Maneno yako yalinifikia. Kwamba mimi ni mwizi." Alikamua nepi kwa nguvu. "Sikuwa na nia mbaya. Nililipenda. Nilidhani ukipenda kitu cha mtu, yeye hufurahi."

"Nilisema, na nilikosea," msusi akajibu. "Lakini sikuja kwa hilo. Mtoto yuko wapi?"

Kitu katika sauti yake kilimfanya mshona makava ajipanguse mikono. "Amelala. Analala sana, hasumbui kabisa. Hata kunyonya, ananyonya kidogo tu anachoka, analala. Mpole."

"Naomba nimwone."

Chumba kilikuwa na ubaridi, kimefagiliwa, na mtoto alikuwa katikati ya godoro jipya lisilo na kava. Alikuwa mdogo kuliko yule kichanga wa miezi miwili. Kipaji cha uso wake kililowa jasho. Chini ya mbavu ngozi ilibonyea na kuinuka, ikabonyea na kuinuka, upesi upesi, kama mtoto aliyekimbia njia yote na sasa amefika.

"Hospitali walikupa karatasi?"

"Walinipa." Mshona makava aliitoa ndani ya mfuko wa plastiki, kutoka chini ya mto. Aliishika kama cheti. "Wamesema mzima. Majirani walikuwa wananisema, mtoto hakui, sijui ana kasoro, sijui simlishi. Nimezunguka nayo nyumba hadi nyumba."

Msusi alifungua karatasi yake, akaiweka godoroni kando ya hiyo. Majina mawili yaliyofanana yakatazama juu. "Soma kwenye kilo," akasema. "Yako."

Mshona makava alifuatisha kwa kidole. "Saba."

"Huyu ana kilo saba?"

Nje maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nepi iliyoanikwa.

"Niliiona," mshona makava alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Niliiona hiyo saba. Nikasema moyoni, angalau karatasi moja imemsema vizuri mwanangu."

"Hiyo ni ya wangu. Hii ndiyo ya huyu. Walizichanganya kwa sababu ya jina. Ana tundu kubwa kwenye moyo, anatakiwa dawa leo, daktari anamngoja. Wamekupigia simu..."

"Iliibwa." Aliitazama karatasi ya pili lakini hakuigusa. Uso wake ukakunjamana. "Kwa hiyo umenipakia ugonjwa wa mwanao. Umetoka kwako mpaka kwangu, unanipakia ugonjwa wa mwanao."

"Nilikaa nao tangu jana nikidhani ni wangu. Najua ulivyo mzito. Nisingekuletea kama si wako."

"Toka."

"Mama Ning'are..."

"Toka nyumbani kwangu."

Alitoka. Pazia la bluu likashuka nyuma yake. Alisimama uani kando ya beseni, hajui aende au abaki. Akasema moyoni kwamba akihesabu mpaka mia ataingia kwa nguvu. Jirani alichungulia, akajirudisha. Alifika sitini na kitu. Ndani alisikia mtoto akiamka, akilia kilio chembamba kilichokatika katikati, kama cha mtu aliyeishiwa pumzi kabla ya kusema alichotaka. Kisha kimya. Kisha pazia likafunguliwa.

Mshona makava alikuwa amemfunga mtoto kifuani kwa kanga. Kiatu kimoja alikuwa amevaa, kingine amekishika mkononi.

"Unajua njia ya kufika upesi?" akauliza.

*

Walilazwa jioni ile ile. Daktari bingwa alimsikiliza mtoto, akaagiza dawa, akaagiza hewa, na maagizo yote yalipokwisha ndipo aliposema kwamba siku tatu zaidi zingekuwa nyingi. Karani alikuja mwenyewe mpaka wodini. Alisimama kwenye mguu wa kitanda, akaomba msamaha akiwa ameyashusha macho, na mshona makava akaendelea kumfuta mtoto jasho.

Wiki tatu alikaa wodini. Msusi alipita kila alipofunga kazi, akiwa na chupa ya chai. Mshona makava aliendelea kumwangalia kama mtu aliyeleta habari mbaya, ambaye hata akileta chai bado ni yule yule. Siku moja alisema, macho kwa mtoto, "Nitambadilishia jina. Nitampa lingine."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa lako."

Msusi aliangalia kitanda, bomba jembamba la hewa, vidole vilivyoanza kupata nyama kidogo. "Mwache nalo," akasema. "Ila popote utakapompeleka, usiseme jina tu. Soma na namba ya faili. Wakikuona msumbufu, wakuone."

Mshona makava alicheka kwa pua. Ilikuwa mara ya kwanza.

Upasuaji ulifanyika miezi minne baadaye, alipofikisha kilo sita. Baba wa mtoto alikuwa safarini kikazi, mbali, asingefika kabla ya kesho yake. Msusi alifunga chumba chake cha ususi siku nzima. Mtoto aliingizwa saa mbili asubuhi, na wanawake wawili wakabaki kwenye benchi la ukanda wa chumba cha upasuaji, mlango wa chuma mbele yao, juu yake taa nyekundu.

Saa nne mshona makava alianza kujikwaruza kwa kucha kwenye ngozi ya kichwa, kwenye nywele alizokuwa hajazigusa wiki nzima. Alijikuna mpaka msusi akaona damu kidogo.

"Keti chini, mbele yangu," akamwambia.

"Hapa?"

"Hapa. Mikono yangu nayo inataka kazi."

Akaketi sakafuni kati ya magoti ya msusi. Msusi alitoa kitana mkobani, akaanza kugawa nywele. Bado kulikuwa na chembe za sponji. Alizitoa moja moja, akazikusanya mapajani. Hakuharakisha. Alisuka mistari myembamba, midogo kuliko ambayo mteja yeyote angekuwa na subira nayo, kwa sababu walikuwa na muda na hawakuwa na kingine. Mlango ulifunguka mara mbili, na mara zote mbili alikuwa mfagizi. Saa sita ikapita. Saa saba. Kichwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa kinatetemeka polepole, naye alisuka kwa kukifuata kinavyotetemeka, na mistari ilikuwa imenyooka.

Saa nane kasorobo taa nyekundu ilizimika. Daktari bingwa alitoka na viatu vyake vya raba, barakoa imeshuka kidevuni, uso umechoka, hausomeki.

"Mama wa mtoto?"

Mshona makava aliinua mkono, kama mwanafunzi.

"Moyo unapiga wenyewe," daktari akasema. "Tumeliziba lile tundu. Njoo umwone. Dakika tano, peke yako."

Alinyanyuka papo hapo. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama wima, kitana kimechomekwa katikati, na hivyo hivyo akaenda, akigusa ukuta kwa kiganja kila hatua mbili, mpaka mlango wa chuma ukamfunika.

Mikono ya msusi ilibaki hewani, vidole vimegawanyika, vikiwa vimeshikilia nywele ambazo hazikuwapo tena. Aliviangalia. Kisha akaviteremsha mapajani, kwenye kile kirundo cha chembe nyeupe, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile walipopewa karatasi isiyo yao, bila kujali waliokuwa wakipita.